Mbwa wangu mkubwa wa miaka 10 anainuka kwa shida: nimpumzishe au nimtembeze?

Swali

Habari zenu ndugu zangu. Ninaomba ushauri kuhusu mbwa wangu dume, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa mwingine mkubwa nisiyemfahamu, ambaye ametimiza miaka 10 na ana uzito wa kilo 46. Kwa miezi minne sasa amekuwa akiinuka kwa shida kila asubuhi: hutanguliza miguu ya mbele, hukaa kidogo kama anayejishauri, kisha hujivuta mpaka miguu ya nyuma ikubali kusimama. Akishatembea dakika kumi hivi hulegea na kuonekana mzima, jambo lililonifanya nidhani kwamba ni uzee tu na kwamba hapana la kufanya. Wiki mbili zilizopita aliteleza kwenye sakafu ya vigae, miguu ya nyuma ikatawanyika, kila mmoja upande wake, akabaki chini akinitazama. Tangu siku hiyo hathubutu kupita hapo peke yake.

Daktari wa mifugo alimpiga picha ya eksirei akaniambia kwamba nyonga zote mbili hazikai sawasawa ndani ya vikombe vyake na kwamba gegedu limelika. Alimwandikia dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, akaagiza nimpunguze uzito. Hapo ndipo nilipokwama. Sijui kama kweli ana maumivu, kwa sababu halii na chakula anamaliza. Jirani mmoja ananiambia nimpumzishe kabisa. Mwingine anasisitiza nimtembeze sana ili viungo visigande. Tena ninaogopa kumpa dawa kila siku kwa muda mrefu, nikifikiria figo na ini lake. Je, siwezi kumpa tu kidonge changu cha maumivu ya mgongo siku anapozidiwa? Mbwa huyu nimemlea tangu akiwa na wiki nane, na miaka yote hii amelala mlangoni pangu kila usiku. Nataka kumtendea haki.

Jibu la kwanza, kutoka kwa mfugaji wa Labrador

Pole sana ndugu, na mzee huyo mpe pole yake. Mimi niliishi na Labrador jike mwenye tatizo hilohilo tangu alipokuwa na miaka 8 hadi alipotutoka akiwa na miaka 13, kwa hiyo ninayokuandikia ni yale niliyojifunza kwa kumtazama, mengine nikiwa nimechelewa.

Usisubiri alie. Wangu hakulia hata siku moja. Daktari alipolishika paja lake na kulivuta kwa nyuma, aligeuza tu kichwa na kulamba midomo, na daktari akaniambia kwamba hicho ndicho kilio chake. Nilipotafakari nikagundua kwamba dalili zilikuwepo mwaka mzima kabla ya hapo. Alipokimbia aliirusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama sungura. Aliacha kuja kunipokea, akawa anapiga mkia sakafuni bila kuinuka. Usiku alibadili mahali pa kulala mara nne au tano. Na mapaja yake yalikonda huku mabega yakijaa, kwa kuwa uzito alikuwa ameuhamishia mbele. Alianza hata kumngurumia mbwa mdogo wa nyumbani aliyezoea kumrukia, nasi tukasema kwamba uzee umemfanya mkali. Haukuwa ukali, alikuwa akizikinga nyonga zake. Kuhusu chakula, mbwa wengi huendelea kula kwa hamu ileile viungo vikiwa vinauma, kwa hiyo sahani tupu haithibitishi chochote.

Kuhusu kutembea, kwa heshima yote kwa majirani zako, kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Mbwa akipumzishwa kabisa misuli ya mapaja hunywea, na misuli hiyo ndiyo inayousaidia mfupa wa paja kutulia ndani ya kikombe kisichoushika vizuri. Akitembezwa sana, hasa kwa mtindo wa kulala wiki nzima kisha kutolewa saa mbili mfululizo siku ya mapumziko, atalipia kesho yake. Mimi niligawa: mara tatu kwa siku, dakika 15 kila mara, kwa kamba, kwenye nyasi au udongo, na kwa mwendo wa polepole unaomlazimisha kuweka kila mguu chini badala ya kurukaruka. Kipimo changu kilikuwa asubuhi ya pili. Akiamka amekakamaa kuliko kawaida, nilipunguza theluthi moja ya muda; akiamka vizuri wiki mbili mfululizo, niliongeza dakika mbili au tatu. Kurusha mpira niliacha kabisa, ingawa aliupenda, kwa sababu kule kusimama ghafla na kugeuka kwa kishindo ndiko kunakoumiza. Kuogelea kulimfaa sana, kwa kuwa maji hubeba uzito huku misuli ikifanya kazi. Angalia tu kwamba mahali pa kuingilia hapatelezi na kwamba maji si ya baridi kali.

Sakafu ishughulikie leo hii, kabla hata ya kumaliza kusoma majibu mengine. Mbwa aliyeanguka mara moja hutembea kwa hofu, na hofu humfanya akaze mwili wote na kuteleza tena. Tandika njia ya mikeka yenye mpira chini, isiyosogea, kutoka anapolala hadi kwenye maji, hadi kwenye chakula, hadi mlangoni, bila kuacha pengo, kwa kuwa pengo la hatua mbili tu linatosha kumfanya asimame na kugeuka. Kata kucha mara kwa mara, maana kucha ndefu huuinua wayo na kuuondolea mshiko, na punguza nywele zilizoota kati ya vidole. Godoro lake liwe nene kiasi kwamba ukilibonyeza kwa ngumi huifikii sakafu, lakini lisiwe laini la kumzamisha, kwa sababu atashindwa kujiinua. Kwenye ngazi mpitishie taulo chini ya tumbo, mbele kidogo ya mapaja, umsaidie kubeba sehemu ya nyuma. Usimnyanyue, mpunguzie mzigo tu. Kwa mbwa dume kuwa mwangalifu taulo lisimbane uume.

Jambo la mwisho: mrekodi video nyumbani anapoinuka asubuhi, anapogeuka na anapopanda ngazi. Kliniki mbwa wengi huchangamka kwa wasiwasi na kuficha kuchechemea, kisha mwenye mbwa anabaki kueleza kwa maneno jambo ambalo daktari halioni.

Jibu la pili, kutoka kwa daktari wa mifugo

Ndugu muulizaji, siwezi kumtibu mnyama ambaye sijamgusa, na daktari aliyezisoma picha zake anamjua kuliko mimi. Hata hivyo swali lako la kidonge linahitaji jibu la haraka: usimpe dawa yako. Ibuprofeni, naproksini na diklofenaki huweza kumtoboa mbwa utumbo na kumharibu figo kwa kiasi ambacho kwa mtu mzima ni cha kawaida. Tena mbwa wako ameandikiwa dawa ya kundi hilohilo, na dawa mbili za namna hiyo kamwe hazichanganywi, wala hazitolewi pamoja na prednisoloni na ndugu zake wa kundi la steroidi. Hata ukibadilisha moja kwa nyingine, muulize daktari ni siku ngapi zipite katikati.

Dawa zilizoidhinishwa kwa ajili ya mbwa, kama vile karprofeni, meloksikamu na firokoksibu, zimepimwa kwa mwili wa mbwa, na mbwa wengi huzitumia kwa miezi au miaka bila madhara makubwa. Hofu yako kuhusu figo na ini ina msingi, na ndiyo maana hupimwa damu kabla ya kuanza, tena wiki chache baadaye, kisha kila baada ya miezi michache kwa mbwa wa umri huo. Mpe dawa pamoja na chakula. Akitapika, akikataa kula, akiharisha, akitoa kinyesi cheusi kama lami, akinywa maji kupita kawaida, au ufizi wake ukiwa wa manjano, simamisha dawa siku hiyohiyo na umpigie daktari. Sipendi mtindo wa kutoa dawa siku ya kuzidiwa tu kwa mbwa aliye katika hali uliyoieleza. Maumivu yanayoachwa muda mrefu huufundisha uti wa mgongo kuyakuza, mpaka mguso mdogo unauma kama pigo, na mbwa anayeumwa hatembei, misuli inanywea, nyonga inalegea zaidi. Pale dawa ya kwanza isipotosha huongezwa nyingine, mara nyingi gabapentini, dawa ya maumivu ya neva. Kama ni ile ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya watu, hakikisha haina zailitoli, sukari mbadala ambayo ni sumu kwa mbwa. Tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, ilipendwa sana zamani, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya mbwa wenye ugonjwa sugu wa viungo haukuona nafuu yoyote kutokana nayo.

Mtaulizana pia kuhusu sindano ya kila mwezi iitwayo bedinvetmab. Ni kingamwili inayokizuia kichocheo kimoja cha maumivu katika neva; iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2023. Nimeona mbwa walioamka nayo upya. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaandikia madaktari wa mifugo kuhusu taarifa za madhara, yakiwemo kuyumba na degedege, kwa hiyo mbwa mwenye dalili za neva achunguzwe kwa makini kabla ya kuchomwa.

Sasa uzito, ambao nauona kuwa tiba yenyewe, si nyongeza ya tiba. Kuna utafiti wa Labrador 48 waliogawanywa kwa jozi za ndugu. Mmoja wa kila jozi alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake, maisha yao yote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba umri wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya mbwa waliupita, ulikuwa miaka 13 kwa waliokula kidogo na miaka 11.2 kwa wenzao, na ugonjwa wa viungo ulichelewa kuwaanza. Utafiti mwingine wa mwaka 2010 ulichunguza mbwa wanene waliokuwa wakichechemea tayari, ukakuta kwamba kuchechemea kulipungua waziwazi walipopoteza takriban asilimia 6 ya uzito. Kwa mbwa wako hizo ni kilo zisizofika tatu. Pima chakula kwa mizani ya gramu, kwa kuwa kikombe hudanganya. Hesabu vitafunio vyote ndani ya kiasi cha siku. Lenga kupunguza kilo nusu kwa wiki au pungufu kidogo. Na mpime kila baada ya wiki mbili. Ukipitisha vidole ubavuni, mbavu zihisike bila kubonyeza.

Mafuta ya samaki yenye omega-3 yana ushahidi wa kutosha wa kupunguza uvimbe wa viungo, ila kiasi chake kipangwe na daktari, maana nayo yananenepesha. Glukosamini na kondroitini, yaani virutubisho vya viungo, hazimdhuru, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Kama fedha ni za kuchagua, nisingeanza na hizo. Upasuaji upo. Kubadilisha nyonga nzima hufanywa hata kwa mbwa mkubwa mwenye umri huu akiwa na moyo na figo nzuri, lakini huhitaji daktari bingwa na wiki kadhaa za kumdhibiti asikimbie. Kukata kichwa cha mfupa wa paja bila kuweka kingine huleta matokeo mazuri zaidi kwa mbwa wadogo kuliko kwa mbwa wa kilo 46.

Nakuomba pia usijilaumu kwa namna ulivyomlea. Watoto wa mbwa huzaliwa na nyonga za kawaida, na wale waliorithi ulegevu huharibikiwa jinsi wanavyokua. Kukua kwa kasi na kulishwa kupita kiasi huongeza tatizo, lakini chanzo chake kimo katika kizazi.

Jibu la tatu, kutoka kwa mfugaji wa German Shepherd

Ninaongeza jambo moja tu kwa kuwa damu ya German Shepherd imetajwa. Wangu alitibiwa nyonga kwa miezi saba, na picha za eksirei kweli zilionyesha nyonga mbaya, lakini kilichokuwa kinamwangusha kilikuwa ugonjwa wa uti wa mgongo unaoziua neva polepole bila maumivu. Huwapata mbwa wenye umri mkubwa, kwa kawaida waliopita miaka 8, na tangu mwaka 2009 inajulikana kwamba unahusiana na hitilafu katika jeni iitwayo SOD1, ambayo inaweza kupimwa. Dalili niliyoipuuza ilikuwa sauti ya kucha za nyuma zikikwaruza chini wakati wa kutembea, na kucha za kati zilikuwa zimelika upande wa juu. Msimamishe mbwa wako, uukunje wayo mmoja wa nyuma taratibu ili mgongo wa wayo uguse sakafu, kisha uachie. Mwenye nyonga mbovu kwa kawaida huurudisha mara moja. Mwenye tatizo la neva huuacha hivyo. Nyonga mbaya kwenye picha haimaanishi kwamba hapana kingine. Laiti ningefanya jaribio hilo mapema, mazoezi yangeanza wakati bado alikuwa na misuli ya kuokoa.

Muulizaji

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimefanya jaribio la wayo mara tatu kila upande, naye ameurudisha papo hapo, na kucha zake zimelika sawasawa. Vidonge vyangu nimevifungia kabatini. Nimeagiza mikeka, na kesho anapimwa damu. Daktari, huwa mguu wake wa nyuma wa kushoto ndio anaouegemea zaidi akisimama. Je, hilo linanipasa kuangalia kitu kingine? Na wewe, ndugu wa Labrador, samahani kwa swali zito: ulijuaje kwamba wakati umefika?

Jibu la pili, daktari wa mifugo

Mweleze daktari wako, tena kesho usisahau. Nyonga zote mbili zikiwa mbaya, mbwa hugawa uzito na kuchechemea kwake huwa kwa pande zote. Akianza kuuegemea mguu mmoja, hasa kwa ghafla, goti likaguliwe, kwa sababu kukatika kwa ligamenti ya goti, ukano unaoishikanisha mifupa yake, ni jambo la kawaida kwa mbwa wazito na mara nyingi hufichwa na ugonjwa wa nyonga. Papasa pia mifupa mirefu yenyewe kwa mkono wazi. Uvimbe mgumu ulio juu ya mfupa, au maumivu yanayomnyima usingizi, katika mbwa wa ukubwa huu hupigwa picha bila kungoja, kwa sababu saratani ya mfupa huwapenda mbwa wakubwa.

Jibu la kwanza, mfugaji wa Labrador

Swali lako si la kuombewa samahani. Miezi minane ya mwisho niliweka kalenda ukutani, na kila jioni niliandika alama moja: siku njema au siku mbaya. Siku njema nilizipima kwa mambo matatu aliyoyapenda yeye, si mimi: kunipokea hata kwa kunyanyua kichwa, kutoka nje kujisaidia bila kujichafua, na kulala kwenye jua akijigeuza kwa raha. Kalenda ilinisaidia kwa sababu kumbukumbu hunidanganya. Siku moja nzuri hufuta sita mbaya. Siku mbaya zilipozidi njema kwa wiki mbili mfululizo, licha ya dawa zote, na akaanza kupata vidonda kwenye viwiko kwa kulala upande mmoja, nilimwomba daktari aje nyumbani. Alilala akiwa kwenye godoro lake, kichwa kikiwa mapajani mwangu. Lakini wako hajafika hapo ndugu yangu. Wangu aliishi miaka mitano baada ya kugunduliwa, na minne kati ya hiyo ilikuwa mizuri.

Muulizaji, wiki saba baadaye

Nimeona ni wajibu kurudisha majibu. Damu yake ilikuwa safi, goti lilikaguliwa likakutwa zima ingawa misuli ya paja la kulia imenywea zaidi, ndiyo sababu ya kuegemea kushoto. Dawa anapata kila jioni pamoja na chakula, na kipimo cha pili cha damu pia kimetoka vizuri. Leo asubuhi alikuwa na kilo 43.1. Wiki ya kwanza ya kupunguza chakula ilikuwa ngumu kwangu kuliko kwake, maana alisimama mbele ya sahani tupu akanitazama, nikaondoka chumbani ili nisishindwe.

Tunatembea mara tatu kwa siku, dakika 18 sasa, tulianzia 12. Bado anakakamaa asubuhi, hasa siku za baridi na unyevu, na kitambaa cha moto nyongani kwa dakika kumi kabla ya kutoka kinamsaidia. Huwa nakijaribu kwanza kwenye mkono wangu. Kwenye vigae alikataa mikeka kwa siku nne, nikawa naketi upande wa pili na kumwachia muda bila kumvuta. Siku ya tano alivuka. Jana usiku nilisikia kucha zake zikipita kwenye mkeka gizani, kisha kile kishindo chake cha kujitupa chini mlangoni pangu, ambacho sikuwa nimekisikia kwa zaidi ya miezi miwili.